Jibu la Kocha: Krismasi ya kukimbia pamoja, mbali na kihamba

*Shikamoo Kocha. Nina miaka 41, ni mtumishi wa serikali, nilihamia Dodoma na ofisi yetu. Kwetu ni Ashira, Marangu, na miaka yote ikifika Desemba nilikuwa napanda basi kwenda kwa mama. Mama alifariki mwaka jana. Nyumba imefungwa, ndugu kila mmoja yuko kwake. Krismasi iliyopita nilitoka kanisani nikajifungia ndani hadi kesho yake. Mwaka huu majirani wachache hapa Ilazo wanataka tukimbie pamoja alfajiri ya Krismasi, kila mtu na kitu chekundu mwilini, na kazi ya kupanga wamenipa mimi. Zimebaki wiki sita na sijakimbia tangu shule. Naomba kujua mambo mawili: nijiandaeje nisiumie, na je, jambo hili linaweza kuwa Krismasi kweli, au tunajidanganya?*

Marahaba, binti yangu. Pole sana kwa kufiwa na mama. Swali lako la pili ndilo zito, kwa hiyo nitaanza nalo.

Hamjidanganyi. Ila nikuambie mapema kitu ambacho mbio hazikiwezi. Haziwezi kukaa mahali pa kihamba, lile shamba la ukoo la nyumbani. Mchaga anapopanda nyumbani Desemba hafuati mbege na ndafu peke yake. Anakwenda kuonekana na walio hai, na kusimama penye masale, pale walipolala waliotangulia. Hakuna kilomita za Dodoma zitakazoifanya kazi hiyo. Kwa hiyo panga safari yako ya Ashira, iwe Januari watu wakisharudi mijini au iwe Pasaka, ufungue nyumba, ufyeke majani, ukae na mama yako mchana mzima. Nakusisitizia kwa sababu nimeona watu wanaanza kukimbia ili wasipate muda wa kuomboleza, na majonzi yakawakuta mwezi wa tatu yakiwa mabichi vile vile.

Kinachowezekana ni kwamba asubuhi ya tarehe 25, ile saa ambayo nyumba yako inakuwa kimya kuliko siku zote za mwaka, pawe na watu mahali fulani wanaokusubiri, na watakaouliza ukichelewa. Kundi la kukimbia linaliweza hilo vizuri kuliko karamu. Kwenye karamu wewe ni mgeni wa familia ya mtu. Utakaribishwa vizuri, utapakuliwa kwanza, lakini utajua umekuja kuketi kwenye Krismasi ya wengine. Barabarani alfajiri hakuna mwenye nyumba.

Nimekuwa kwenye vikundi vya jogging Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini, mingi ya hiyo Mbagala na Temeke. Asiyevijua huona fulana za rangi moja, filimbi na kelele Jumapili alfajiri, akadhani ni mazoezi tu. Ndani yake ni chama cha kuzikana na kuuguzana. Mwenzetu akilazwa, wa kwanza kufika na uji wa chupa ni wale wanaokimbia naye, kwa sababu ndio waliogundua Jumapili hakuonekana. Tunachangiana misiba, tunasimamiana harusi. Na Krismasi ya mjini ilitulazimu kuwa familia, maana wengi wetu tulikuja Dar kutafuta maisha, na nauli ya kwenda Kigoma au Mbeya mwezi wa kumi na mbili si kila mtu anaipata.

Sasa kwa nini kukimbia hasa, na si kukutana tu kunywa chai? Jibu unalo wewe mwenyewe tangu shule ya msingi. Unakumbuka mchakamchaka? Jua halijatoka vizuri, wengine pekupeku, kiranja yuko pembeni anaitisha, mstari mzima mnaitikia, na miguu inapiga chini kwa pamoja mpaka unasahau kama unakimbia. Ule haukuwa mchezo wa watoto. Kuitikia kunafanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni ya mwili. Mtu anayeweza kuitikia kwa sauti anakimbia kwa kasi inayomfaa. Anayebaki akipanua mdomo bila sauti kutoka, huyo kasi imemshinda, na kiongozi anatakiwa apunguze papo hapo. Makocha wenye vifaa huwavalisha watu saa za kupima mapigo ya moyo ili kujua jambo hili. Sisi tunalisikia kwa masikio. Kwa watu wa umri mchanganyiko ambao wengine hawajakimbia miaka ishirini, sijui kipimo kilicho salama kuliko hicho.

Ya pili ni ya moyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwahi kuwapima wapiga makasia 12. Kila mmoja alipiga makasia ya mazoezi kwa dakika 45, mara akiwa peke yake, mara akiwa na wenzake kwa mwendo mmoja. Baadaye walimfunga mkanda wa kupimia presha mkononi na kuujaza upepo mpaka aseme unauma. Nguvu iliyotumika ilikuwa ileile, lakini waliofanya pamoja walistahimili maumivu zaidi sana kuliko walipokuwa peke yao. Watafiti wanaamini mwili ulitoa kwa wingi zaidi ile kemikali ya kutuliza maumivu na kuleta furaha. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka baba mmoja fundi magari wa kundi letu aliyezoea kusema, "Nikikimbia peke yangu goti linauma, nikikimbia na nyie linanyamaza." Tulidhani anatusifu tu.

Kwa hiyo sharti la kwanza la Krismasi yenu ni kwamba muimbe. Nyimbo za Krismasi za kitabuni zina mistari mirefu, hazikai kwenye hatua, mtaishiwa pumzi mkiwa kwenye ubeti wa kwanza. Mapambio yanakaa vizuri kwa sababu ni mafupi na yana mwitikio. Ila kama kundi lina Waislamu, na kwa mtaa wa Dodoma sitarajii likose, tafuteni kitu ambacho kila mtu ana haki nacho. Sisi tunaitana vijiji. Ilianza bila kupangwa. Krismasi moja kiongozi wa nyimbo aliishiwa maneno tukiwa tunapanda kilima cha Mtoni kwa Azizi Ali, akapaza sauti akataja kijiji cha kwao. Tukajibu, "Tupo!" Aliyemfuata akataja cha kwake. "Tupo!" Ikazunguka mstari mzima: Kasulu, tupo, Kyela, tupo, Mkuranga, tupo, Ukerewe, tupo. Mzee mmoja aliyekuwa hajarudi kwao miaka mingi alitaja jina mara moja, kisha akalirudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kitasa. Tukamjibu mara mbili. Hakuna aliyegeuka kumtazama, maana wote tulikuwa tunakimbia tukitazama mbele. Hiyo ni neema nyingine ya mbio: unaweza kulia katikati ya watu thelathini na kila mtu akadhani ni jasho. Ikikutokea wewe, usisimame na usione aibu. Pumzi ikifunguka, machozi hufuata.

Mwaka uliofuata hatukupanga tena. Tulipofika kwenye kilima kilekile, watu wenyewe walianza, "Vijiji! Vijiji!" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mila huzaliwa mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza mnafanya jambo. Wa pili mtu anasema "kama mwaka jana", na jambo linageuka kuwa lenu. Kwa hiyo usijitwishe mzigo wa kutafuta Krismasi kamili mwaka huu. Chagua mambo machache mtakayoweza kuyarudia: pa kukutania palepale, saa ileile, wimbo uleule, chai ileile. Mengine yote acha.

Na msiogope uchache. Yule Paul Sinton-Hewitt aliyeanzisha parkrun kule London alianza Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park na wakimbiaji 13. Yeye mwenyewe alikuwa ameumia, hawezi kukimbia. Alichokikosa ni rafiki zake. Akawaita waje wakimbie kilomita tano bila kiingilio, yeye akashika saa, kisha wote wakaenda kunywa kahawa. Leo mbio hizo ziko katika nchi nyingi kila wiki, bado bure, na viwanja vingi hufunguliwa pia asubuhi ya Krismasi kwa watu walewale ambao nyumba zao ni kimya. Mimi humtaja kila mara watu wanapotaka kuanza na jezi, medali na mgeni rasmi.

Fulana za kushona msikubali mwaka huu. Nimeona vikundi vikiweka mchango wa jezi, na wale hasa waliohitaji kundi wakaona haya, wakabaki ndani. Kitu chekundu kinatosha: kanga begani, kitambaa mkononi, soksi. Zile kofia za Father Christmas zina joto, zivaliwe wakati wa chai.

Sasa nikuambie kosa langu, ili lisiwe lenu. Krismasi ya kwanza niliyoongoza mimi, vijana walikuwa mbele, damu inachemka, nami nikawafuata. Tulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua, ndiyo kwanza ana wiki ya tatu nasi, amevaa gauni jekundu jipya juu ya tracksuit. Tulipofika mwisho na kuanza kupiga picha, mtu akauliza yuko wapi. Nikarudi nyuma kwa miguu. Nilimkuta amekaa kituo cha daladala, raba kazivua kaziweka pembeni, anatazama barabara. Aliniambia tu, "Nendeni Kocha, nimeshapumzika." Hakuja tena. Mtu aliyetoka kwake ili asiwe peke yake siku ya Krismasi, nilimwacha peke yake barabarani. Tangu siku hiyo mimi nakimbia wa mwisho. Kila kundi langu lina mfunga msafara, mtu imara kuliko wote, ambaye kazi yake ni kwamba nyuma yake pasibaki mtu. Mteue huyo kabla ya kumteua kiongozi wa mbele.

Kuhusu siku yenyewe. Nashauri kweli iwe tarehe 25, si 26. Tarehe 26 ni mapumziko na ni rahisi kupanga, lakini saa inayouma ni ile ya asubuhi ya 25. Kutaneni saa kumi na mbili kasoro robo, muondoke saa kumi na mbili kamili mwanga ukianza kupasuka, kilomita nne au tano, mrudi kabla ya saa moja. Mtapata chai na bado wa ibada watawahi ibada. Waislamu wenu watakuwa wameshatoka kwenye swala ya alfajiri. Kwetu Mbagala ni wao wanaosimamia chai ya Krismasi, na sisi tunasimamia ya Idd, na nakuomba muanze hivyo hivyo tangu mwanzo.

Barabara ndiyo inayonitia hofu kuliko magoti yenu. Alfajiri ya Krismasi wapo madereva wanaotoka mkeshani wakiwa na usingizi, na wapo wanaotoka baa. Msishike barabara kuu. Tafuteni mitaa ya ndani yenye lami, maana Desemba Dodoma kuna mvua na njia ya udongo itawatelezesha. Kimbieni wawili wawili, upande wa kulia, mkitazamana na magari yanayokuja. Wa mbele na wa mwisho wavae vizibao vya kung'aa kama vya bodaboda, mkaazime. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa, na mkizidi kundi la watu wachache pitieni kituo cha polisi mtoe taarifa siku chache kabla. Njia ipitieni kwa miguu wiki moja kabla, saa ileile, muone mbwa wako wapi na mitaro iko wapi.

Maandalizi yako binafsi hayana siri. Wiki sita zinatosha kwa kilomita nne za mwendo wa kuongea. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Wiki mbili za kwanza: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Wiki ya tatu na ya nne: kimbia tatu, tembea mbili, mara sita. Wiki ya tano: kimbia dakika nane, tembea mbili, mara tatu. Wiki ya sita punguza, jikimbilie taratibu dakika ishirini siku mbili tu, mwili uingie Krismasi ukiwa na hamu. Ukiona huwezi kuongea sentensi nzima, unakwenda mbio mno. Wanaoanza karibu wote wanakwenda mbio mno. Misuli ikichoka ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja, kwenye mfupa wa mbele wa mguu au gotini, yanayozidi kadiri unavyokwenda, hayo simama, tembea nyumbani, pumzika siku tatu. Na kama una presha au sukari, au kifua hubana ukipanda ngazi, muone daktari kwanza. Waulize na wenzako swali hilo kwa faragha, mmoja mmoja. Kwenye kundi watu watanyamaza.

Raba mpya si lazima. Za mtumba zinafaa ukijua kuzichagua. Ishike mkononi uikunje: inatakiwa ikunjike penye vidole. Ikikunjika katikati ya unyayo, iache. Kisha bonyeza soli kwa dole gumba upande wa kisigino, ile sehemu laini kati ya ngozi na raba ya chini. Ikirudi taratibu kama mkate, nzima. Ikiwa ngumu kama ubao na ina mikunjo midogo kama uso wa mzee, imekufa hata kama kwa nje inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilala upande mmoja, imeshazoea mguu wa mtu mwingine. Chukua iliyozidi kidogo, pabaki nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya vidole, na ukajaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo.

Nimebakiza chai kwa sababu kwangu chai ndiyo nusu ya mbio. Msinunue. Kila mtu alete kitu cha kwao, kidogo, kilichopikwa nyumbani. Kwetu kuna anayeleta vitumbua, kuna anayeleta mihogo ya nazi, kuna mama wa Bukoba na ndizi zake za maharage, na uji wa ulezi tunapikiana kwa zamu. Kila anayefungua chombo chake anaulizwa, na akianza kueleza anajikuta anamsimulia bibi yake.

Wewe pika machalari. Usiku wa tarehe 24 nyumba itakuwa kimya. Badala ya kukaa nayo, menya ndizi. Yapike kama alivyoyapika mama, kama alikuwa anaacha mchuzi mwingi acha mwingi, kama alikuwa anatia maziwa mwishoni tia. Yafunike kwenye hotipoti, iache mlangoni pamoja na raba ili usiisahau alfajiri. Majirani zako wa Ilazo hawakumjua mama yako. Saa moja asubuhi watakuwa wamekaa kwenye mikeka wakiwa na jasho, wanakula chakula chake na kukuuliza umejifunza wapi.

Na zamu yako ya kutaja kijiji ikifika, usiseme Moshi, wala usiseme Marangu. Sema Ashira. Kama mtaa wenu una jina la ndani zaidi ambalo mama alikuwa akilitumia, sema hilo.